Mche Lipokela, Kiti Singapore
Kampuni inayopanuka nje ya nchi hutafuta kwanza mahali pa kuketi, ndipo itafute mahali pa kulima. Olam ilianzia Nigeria mwaka 1989, ikapitia London, ikatua Singapore, kisiwa kisichosifika kwa mibuni. Mibuni yenyewe ilipandwa Lipokela, Songea, chini ya kampuni tanzu, Aviv Tanzania. Mgawanyo wa madaraka hauna utata: bodi hupanga mtaji na mkakati, soko la New York hupanga bei ya arabika, na Lipokela hupangiwa kupalilia. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo haibabaishwi na majina: kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni ni mgeni tu, hata ikijiita Tanzania kutwa mara tatu.