Hodi Mwenye Shamba, Kuna Mtu Anaomba Kuchimba

Tanga, Morogoro na kwingineko, hadithi za mali iliyofukiwa na Wajerumani bado zinawanyima vijana usingizi. Huko nyumbani shughuli ya kuitafuta hufanywa usiku, kwa tochi na minong'ono, na mganga ndiye anayeonyesha pa kuchimba. Huku England hufanywa mchana kweupe. Wazee wastaafu wenye mabuti ya mpira na hedifoni masikioni huzunguka shambani wakipitisha mashine ya kutafuta metali juu ya ardhi, na mahali pa mganga pamekaliwa na karatasi.

Kuipata mashine si kazi: inauzwa dukani. Kasheshe iko kwenye ardhi. Kila kipande kina mwenyewe, hata kile ambacho mgeni angeapa ni cha kondoo peke yao. Kuchimba bila idhini na kuondoka na ulichokuta ni wizi. National Trust, taasisi inayotunza mashamba na majumba ya kale, hairuhusu mchezo huo kwenye ardhi yake. Sheria ya mwaka 1979 nayo inakataza kutumia mashine bila kibali maalumu kwenye maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na serikali, hata kama mwenye shamba amekubali na chai amekukaribisha.

Basi mtafutaji hana budi kupiga hodi.

Hapo ndipo mtu wa Pwani anapopata shida. Kwa adabu aliyolelewa nayo, huanza na habari za asubuhi, za watoto, za mifugo, za mvua. Shida yake ataitaja baadaye. Mkulima wa huku, mkono mmoja kwenye kitasa na mwingine umeshika kola ya mbwa, anangoja tu kujua anauziwa nini. Wenyeji husema moja kwa moja: jina langu hili, ninakaa kijiji kile, naomba kutafuta kwenye shamba lako baada ya mavuno, na bima hii hapa. Naam, bima. Wanachama wa baraza la kitaifa la watafutaji hao wanayo ya hadi pauni milioni 10, isije ng'ombe akavunjika mguu kwenye shimo.

Mashimo hasa ndiyo yanayomtia mkulima wasiwasi. Kwenye majani, mtafutaji mstaarabu hukata pande tatu tu, akalifunua donge kama kifuniko cha sanduku. Udongo huumwaga juu ya kipande cha plastiki, akichukua chake huurudisha wote, hufunika, kisha hukanyaga. Mkulima akipita kesho asione kitu.

Baada ya hapo huja mkataba wa maandishi, kwa kawaida nusu kwa nusu. Shamba likiwa la kupangishwa, inatakiwa idhini ya mpangaji na ya mwenye ardhi.

Wanaodhani huo ni urasimu mtupu wakumbushwe Hoxne, Suffolk, mwaka 1992. Mkulima alipoteza nyundo, akamwomba rafiki yake Eric Lawes amtafutie kwa mashine. Lawes alikuta dhahabu na fedha za zama za Warumi, zikiwemo sarafu karibu 15,000. Hakuzifukua zote, aliita wataalamu. Alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na sasa iko British Museum.

Upande wa pili kuna wawili waliofukua hazina ya zama za Waviking karibu na Leominster mwaka 2015, wakanyamaza na kuanza kuuza sarafu kimyakimya. Mwaka 2019 mmoja alihukumiwa miaka 10 jela, mwenzake 8 na nusu, ingawa baadaye rufaa ilipunguza. Jaji aliwaeleza kwamba wangefuata utaratibu, wangeweza kupata mgao halali kutoka kwenye mamilioni.

Utaratibu wenyewe una vituko vyake. Hazina hairipotiwi polisi wala benki, bali kwa afisa yule yule anayechunguza vifo vya ghafla, ndani ya siku 14. Yeye huamua kama ni hazina kisheria. Makumbusho yakiitaka, kamati hukadiria bei, na fedha zinaweza kuchukua zaidi ya mwaka kufika.

Kwa hiyo jamaa waliosikia kwamba kijana wao wa ughaibuni amenunua mashine wasianze kufyatua matofali. Mavuno ya siku ya kawaida ni vishikio vya makopo ya soda, maganda ya risasi za bunduki za kuwindia ndege na vifungo vya koti. Kwa mkataba, nusu ni ya mkulima, ila mkulima mwenyewe husema kijana abaki nazo zote.