Ombi la Kusajiliwa Kuwa Mtu wa Ridhaa wa Mwisho

Kwa Mheshimiwa Rais,
Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo Vikuu (NCAA),
Indianapolis, Marekani.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA MTU WA RIDHAA

Mheshimiwa Charlie Baker,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mwenye akili timamu kwa vipimo vya mtaani kwetu, na shabiki wa timu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, maarufu kama UConn, tangu mwaka 2006. Sijawahi kufika Connecticut. Mji wa Storrs, chuo kilipo, naujua kwa ramani tu. Sikusoma huko, sina ndugu huko, na wala sijapata hata kofia yao. Nawapenda bure. Neno hilo, bure, ndilo lililonishikisha kalamu.

Chanzo ni Hasheem Thabeet. Kijana wetu wa Makongo, futi saba na inchi tatu, alikwenda Marekani kumalizia sekondari, na mwaka 2006 akaingia UConn. Kabla ya hapo, kikapu cha vyuo vya Marekani kilikuwa kwetu kama theluji: tunaamini ipo. Ghafla vijiwe vya kahawa vikaanza kujadili ligi ya Big East. Wazee waliokuwa hawajui mpira wa kikapu unadundwa kwa mkono gani wakawa wanatueleza mipira mingapi Hasheem ameizuia. Mwaka 2009 aligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo, na mwezi Juni akachaguliwa wa pili katika usajili mpya wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Akaenda Memphis. Wenzangu wote wakahama naye. Mimi nikabaki na ile nembo ya UConn ya mbwa wa theluji, kama mgeni ambaye aliyemleta karamuni ameshaondoka naye bado ameshika sahani.

Nilibaki kwa sababu ya usiku mmoja. Machi 12, 2009, UConn na Syracuse walikutana Madison Square Garden, wakaongezewa muda mara sita. Sita, Mheshimiwa. Nilikuwa nafuatilia kwenye simu, namba zikibadilika moja moja kama mita ya Luku. Kwenu mchezo ulikwisha saa saba na ushee usiku. Kwetu ilikuwa saa mbili na ushee asubuhi, na mimi nilitakiwa kazini saa moja na nusu. Syracuse 127, UConn 117. Nilimwambia mwajiri wangu kwamba nimefiwa. Sikuona kama nimesema uongo.

Sasa niingie kwenye hoja. Najua mengi nitakayoyataja yalitokea kabla hujakalia kiti hicho mwaka 2023, lakini barua huandikwa kwa aliyepo.

Miaka yote hiyo mlitufundisha kwamba utamu wa kikapu cha vyuo ni ridhaa. Wale wa NBA wanacheza kwa ajili ya fedha, vijana wa chuo wanacheza kwa mapenzi. Hata jina mliwatungia: mwanafunzi-mwanamichezo. Nilidhani ni jina la heshima, mpaka nilipojua lilivyozaliwa. Mwaka 1955 kijana Ray Dennison alifariki baada ya kuumia kichwani akichezea timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo huko Colorado. Mjane wake akadai fidia, kama anavyodai mjane wa mfanyakazi yeyote aliyekufa kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyima. Na mtendaji mkuu wenu wa kwanza, Walter Byers, alikuja kuandika mwenyewe uzeeni kwamba jina lile mlilitunga wakati ule mkihofia wachezaji wasije wakahesabiwa kuwa waajiriwa. Kwetu mtoto hupewa jina la babu. Kwenu alipewa jina la wakili.

Kwa Kiswahili ridhaa maana yake ni kukubali kwa hiari. Mlikuwa na maelfu ya wachezaji wa ridhaa ambao ridhaa yao hakuna aliyeiomba. Fedha zilikuwapo: mwaka 2010 mliuza haki za kuonyesha mashindano yenu ya Machi kwa miaka 14 kwa dola bilioni 10.8. Makocha nao hawakuwa wa ridhaa hata kidogo. Februari 2009, Thabeet akiwa katika msimu wake wa mwisho, mtu mmoja alimuuliza kocha wetu Jim Calhoun, mbele ya waandishi, kama haoni tabu kulipwa dola milioni 1.6, zaidi ya mtumishi mwingine yeyote wa jimbo, wakati hazina ya jimbo ina shimo. Kocha akawaka: harudishi hata senti. Nakiri kwamba mimi nilimtetea kijiweni. Nilisema, mzee kazitolea jasho. Hakuna aliyeniuliza jasho la nani.

Kanuni iliyonishinda, hata hivyo, ni ya begeli.

Kwa wasomaji wengine wa barua hii: begeli ni mkate wa duara wenye tundu katikati. Kwa miaka kadhaa chuo kiliruhusiwa kumpa mchezaji matunda, karanga na begeli nje ya milo yake, kwa kuwa hivyo ni vitafunwa. Ila begeli ile ile ikipakwa jibini laini, tayari ni mlo, na mlo wa ziada ni kuvunja sheria. Nilipoisoma nilikwenda moja kwa moja kwa mama anayetuuzia chapati, nikamweleza. Akaigeuza chapati yake, akafikiri, akaniuliza, "Na chai je?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo pale bandani tuna sheria ya Indianapolis: chapati kavu ni kitafunwa, chapati maharage ni rushwa. Naomba mtueleze mchuzi peke yake una hadhi gani, maana kuna fundi gereji mmoja anautumia vibaya mwanya huo.

Mlikuja kulegeza suala la jibini, nashukuru. Kisha ikaja 2014. Mwaka uliotangulia mlikuwa mmeifungia UConn isicheze mashindano ya Machi kwa alama mbaya za darasani, alama ambazo sehemu kubwa ziliachwa na wachezaji waliokwisha kuondoka. Waliobaki wakarudi 2014, wakiwa wamepangwa namba saba katika kundi lao, na wakaifunga Kentucky 60 kwa 54 katika fainali. Siku hizo hizo nahodha wao, Shabazz Napier, aliwaambia waandishi kwamba kuna usiku analala na njaa. Siku chache tu baadaye mkapitisha kwamba wachezaji waruhusiwe kula bila kikomo. Mlisema jambo hilo lilikuwa likiandaliwa tangu zamani. Bila shaka. Hata daladala iliyoharibika hutuambia fundi yuko njiani.

Baada ya hapo nyumba ikaanza kubomoka kutoka juu. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliwaambia hamwezi kuwawekea wachezaji kikomo cha marupurupu yanayohusu masomo. Siku kumi baadaye, Julai 1, mkawaruhusu kuuza majina na sura zao. Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano: dola bilioni 2.8 za malimbikizo, na kila chuo kinachotaka kiwalipe wachezaji wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Malimbikizo yanaanzia waliocheza 2016. Thabeet wetu, aliyejaza ukumbi wenu miaka mitatu, alitoka 2009. Hayumo.

Nisieleweke vibaya. Walipwe. Walistahili kulipwa tangu kabla mimi sijazaliwa. Ninachouliza ni kwa nini, baada ya kukataa miaka sabini kulipa vizuri, mmeamua kulipa vibaya.

Chukua suala la Oscar Tshiebwe. Kijana wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake kina ladha yake lakini ni Kiswahili, alipewa 2022 tuzo za mchezaji bora wa taifa zima akiwa na Kentucky, wastani wa ribaundi 15 kwa mchezo. Wenzake Wamarekani wakawa wanasaini mikataba ya matangazo. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo hairuhusu kibarua cha namna hiyo ndani ya Marekani. Basi Agosti timu ilipokwenda Bahamas kwa michezo ya kirafiki, ndipo akapiga picha zake na kusaini mikataba yake, nje ya mipaka, haraka, kabla ndege haijarudi. Najua viza si zenu. Lakini fikiria, Mheshimiwa: mchezaji bora kuliko wote katika nchi inabidi avuke bahari ili sura yake iwe mali yake. Sisi pwani tunazo hadithi nyingi za majahazi na magendo, lakini ya mtu kujivusha mwenyewe hiyo ndiyo ya kwanza.

Kisha lile dirisha lenu la uhamisho. Hapa Kariakoo tunajua usajili. Tumekua na Simba na Yanga, tumeona mchezaji anapokelewa uwanja wa ndege na jezi mbili tofauti. Lakini hata Yanga haisajili timu mpya yote kila Aprili. Tangu 2024 mchezaji wenu anaweza kuhama kila mwaka na kucheza papo hapo, na mwaka 2025 wanaume zaidi ya 2,000 waliingia dirishani. Zamani nilikuwa nalijua jina la mchezaji, la kocha wake wa sekondari na la goti lake linalouma. Siku hizi nasubiri mpaka Januari ndipo nianze kukariri, na Machi nikishajua kuyatamka majina, wanaaga. Na siwezi kulalamika sana, kwa sababu ubingwa wetu wa 2024 uliletwa na Tristen Newton aliyetoka East Carolina na Cam Spencer aliyetoka Rutgers. Nimekula matunda ya dirisha hilo. Nayaona bado kwenye meno.

Jiografia nitaipita haraka, maana inanipa kizunguzungu. Stanford na Berkeley, vyuo vya pwani ya Pasifiki, sasa viko katika ligi ya Pwani ya Atlantiki. Ligi iitwayo Kumi Kubwa ina timu 18. Ligi iitwayo Kumi na Mbili ina timu 16. Na hivi ni vyuo vikuu.

Binti yangu ameisoma barua hii, akauliza mbona sijataja wanawake. Yeye ni shabiki wa timu ya wanawake ya UConn, mabingwa mara 12, na huniangalia mimi mwenye mataji sita kama tajiri anavyomwangalia ndugu wa kijijini. Kwa niaba yake: mwaka 2021 wanaume walioshiriki mashindano yenu walijengewa ukumbi mzima wa vyuma vya mazoezi, wanawake wakapewa kirundo kimoja cha vyuma vya mkononi, mpaka mchezaji mmoja aliporusha video dunia ikaona. Mwaka 2024 fainali ya wanawake ilitazamwa na watu milioni 18.9 huko kwenu. Ya wanaume, tena tuliyoshinda sisi, milioni 14.8. Hata hivyo ilikuwa mpaka 2025 ndipo ushindi wa wanawake katika mashindano hayo ulipoanza kuziingizia ligi zao mgawo wa fedha kama wa wanaume. Binti anasema niandike kwa wino mwekundu. Sina.

Sasa ombi langu. Kocha analipwa. Mchezaji analipwa. Mawakili wa pande zote mbili wamelipwa kuliko wote. Katika ukumbi mzima mtu wa ridhaa aliyesalia ni mimi: nacheza nafasi yangu ya kuamka saa kumi alfajiri, sina mkataba, sina bima, na nikiumia moyo najitibu. Naomba chama chenu, ambacho kiliilinda ridhaa kwa bidii yote ile, kinisajili rasmi na kinilinde nisichafuliwe na fedha. Pia naomba kujua kama dirisha la uhamisho linanihusu. Jirani yangu, shabiki wa Chuo Kikuu cha Duke, amekuwa akinidokeza kwamba kwao kuna nafasi na televisheni kubwa.

Ili kurahisisha uchunguzi, naambatanisha tamko langu:

Miaka ya utumishi: tangu 2006.
Mapato yaliyotokana na utumishi: hakuna.
Siku za kazi zilizopotea: zinafahamika kwa mwajiri kama misiba.
Zawadi zilizopokelewa: chapati mbili, kavu, asubuhi ya Aprili 9, 2024, mara baada ya kuifunga Purdue 75 kwa 60. Mama wa chapati alikataa fedha kwa sababu ya furaha. Ya tatu aliipaka siagi kabla sijamzuia.

Hiyo nililipia.

Wako katika ridhaa,
Shabiki, Dar es Salaam.

Nakala: Mama wa chapati.