Kuusaka Ukoo kwa Njia za Panya

Ndugu yangu, tuambiane ukweli. Unataka kujua jina la ukoo wako limetoka wapi, lakini huna miezi sita ya kukaa kwenye nyaraka, na moyoni una tumaini dogo kwamba mwisho wa safari utamkuta mtemi, sheikh mkubwa au jemadari. Hakuna ubaya. Kila anayesaka ukoo analo tumaini hilo, na ndilo litakalokutoa kitandani Jumamosi asubuhi. Zipo njia za panya, zote halali, na nyingi zinapita katikati ya majivuno ya watu, pamoja na yako. Nifuate.

1. Anza na sanduku la bibi

Kabla hujamsumbua mtu, soma kitambulisho chako. Jina la tatu pale mara nyingi si la ukoo hata kidogo, ni la babu. Ukiitwa Salum Juma Ali, wewe ni Salum, baba ni Juma, babu ni Ali, basi. Sasa tafuta karatasi yoyote ya huyo Ali yenye majina matatu: cheti cha ndoa au cha ubatizo, kadi ya TANU, kitabu cha ushirika wa kahawa au pamba. Humo yumo Ali, baba yake na babu yake. Karatasi mbili, vizazi vitano, na hujauliza swali hata moja. Mtu aliyechukua kadi ya TANU ilipoanza mwaka 1954 akiwa na miaka arobaini na kitu, babu yake kwa kawaida alizaliwa kabla Wajerumani hawajatia mguu nchini. Ukiwa Kenya, tafuta kipande, kile ambacho wanaume walilazimishwa kukivaa shingoni kuanzia 1920: kinakwambia mwenye nacho alihesabiwa mtu wa wapi na alikuwa akimfanyia nani kazi.

Karatasi hizo haziko kwenye faili. Ziko chini ya kitanda cha bibi, kwenye sanduku la bati, ndani ya mfuko wa nailoni uliopigwa mafundo mawili, pamoja na picha ya pasipoti ya mtu ambaye hakuna anayemkumbuka. Mwombe bibi afungue mwenyewe. Piga picha kwa simu, mbele na nyuma, kisha rudisha kila kitu kilivyokuwa. Hati ya shamba usiiguse, hata kuitazama mara mbili usiitazame. Sababu naieleza hatua ya tatu.

2. Jua umeshika jina la aina gani

Hapa ndipo watu hupoteza mwaka mzima, kwa hiyo nitakaa kidogo. Wengi huingia mitandaoni kuuliza "maana ya jina langu" kama vile kila jina lilitengenezwa kuwa la ukoo. Majina yetu mengi yalikuwa ya mtu mmoja, yakaganda.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Nyerere lilikuwa jina la baba wa Mwalimu, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Kwa Kizanaki nyerere ni viwavi, naye aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia. Mwalimu mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, jina lake la nyumbani lilikuwa Kambarage. Kwa hiyo atakayetafuta "ukoo wa Nyerere" miaka mia mbili nyuma atazunguka bure: jina linaanza na mtoto mmoja na viwavi. Nenda Kogelo, hali ni ile ile. Babu wa Barack Obama aliitwa Hussein Onyango, na Obama alikuwa baba yake Onyango, mtu mmoja wa Kijaluo ambaye hakujua kwamba jina lake lingepigiwa kura Marekani. Na Jomo Kenyatta alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Kenyatta alikuja kujiita mwenyewe, kutokana na mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa. Familia nzima leo inaitwa kwa mkanda huo.

Basi jifunze kulitambua jina kwa sura yake, utaokoa muda.

Majina ya Wajaluo husema mtoto alizaliwa vipi: Otieno usiku, Odhiambo jioni, Okoth mvua ikinyesha. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Kulwa na Doto ni pacha, Shija ni anayewafuata. Ukikuta jina la namna hii mwisho wa jina lako, usitafute ukoo. Tafuta babu mmoja na siku aliyozaliwa.

Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Matokeo yake Kamau anamzaa Njoroge, Njoroge anamzaa Kamau, na mpekuzi mwenye haraka hudhani Kamau wawili ni mtu mmoja aliyeishi miaka mia. Andika mwaka pembeni ya kila jina, hata wa kukisia.

Majina yanayoanza na Mwa- yana mtego. Mwakyusa na Mwaipopo yanakupeleka Rungwe na Kyela, kwa Wanyakyusa. Mwakwere na Mwachofi yanakupeleka Kwale na Taita. Herufi zile zile, nchi mbili, na hakuna undugu. Yanayoanza na She-, kama Shekilango na Shelukindo, ni ya Tanga, Usambaani na majirani zake. Mushi, Massawe, Swai, Lyimo na Tarimo ni majina ya ukoo hasa, yanarithiwa toka zamani, na Mchagga ukimtajia moja kati ya hayo atakuuliza papo hapo: "Wa wapi? Kibosho, Machame, Marangu au Rombo?" Jibu swali hilo na nusu ya kazi imekwisha.

Pwani, tazama jina la mwisho kabisa. Ba- ya Bakathir, Bafadhil au Basheikh ni ya Hadhramaut. Al-Barwani na Al-Harthy ni Omani. Al-Balushi ni Balochistan, kwa askari na wasafiri walioletwa na masultani. Mji wa Mombasa una hesabu yake ya Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, tisa upande mmoja na matatu upande wa pili, na Mkilindini, Mchangamwe au Mtangana wa kweli ataweza kukwambia yumo upande gani hata umuamshe usiku.

Na kama jirani yako ni Mnyarwanda au Mrundi aitwaye Habimana, mwache apumzike. Huko kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano tofauti.

3. Usitaje shamba

Kijana aliyekaa Dar miaka kumi akirudi kijijini na daftari, akaanza kuuliza "babu wa babu aliitwa nani na aliishi wapi," baba wadogo wote wanasikia swali moja tu: huyu amekuja kudai kipande chake. Midomo inafungwa. Kwa hiyo daftari liache kwenye begi. Fika mapema, shikamoo kwa kila mtu kwa mpangilio wa umri, toa sukari, majani ya chai na sabuni, kaa siku nzima bila kuuliza lolote. Kesho yake sema wazi, mbele ya wote, kwamba unataka majina tu ili watoto wako wawajue wazee wao, na shamba ni la waliolilima. Sema ukimaanisha. Kisha weka simu mezani, omba ruhusa ya kurekodi, na subiri. Wakishazoea kuiona pale, watasahau kama ipo.

4. Kosea makusudi

Swali la moja kwa moja humchosha mzee. Kosa humwamsha. Mwendee mzee wa Kichagga umwambie, kwa heshima zote, "Babu, kuna mtu kaniambia sisi asili yetu ni Upareni." Wachagga na Wapare ni watani, atacheka kwanza, kisha ataweka kikombe chini. Utapewa jina la aliyefika kwanza kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, mto aliouvuka, aliyemfukuza, wake zake na nani alizaa nani. Usimkatishe. Akishafika mwisho, nenda kwa mzee wa pili umpe maelezo ya wa kwanza kama yalivyo, naye atayasahihisha. Walipokubaliana, kalamu ya wino. Walipopishana, penseli. Kila mmoja ataweka baba yake mbele ya baba wa mwenzake, na hilo limezoeleka. Unachotafuta wewe ni yale majina ambayo wote wawili hawana faida ya kuyabadilisha.

5. Uliza habari za kuoa

Hii ndiyo bora kuliko zote, na haikulazimu useme uongo. Muulize shangazi: "Hivi mtu wa kwetu anaruhusiwa kuoa kwa akina fulani?" Umeuliza tu. Lakini kwa makabila mengi ya bara, kuoa ndani ya ukoo ni mwiko, na kazi ya kujua nani ni ndugu ya nani iko kichwani mwa shangazi. Atahesabu hadi aliko bibi aliyeolewa ng'ambo ya mto, wanawake kwa wanaume, bila kuruka, kwa sababu anakulinda usije ukamuoa dada yako. Wazee wa kiume hukumbuka mstari wa baba peke yake. Mashangazi wanakumbuka ukoo wote.

Pwani mambo hugeuka. Huko binamu huolewa, na mara nyingi ndiye anayetakiwa, kwa hiyo swali lako litajibiwa kwa orodha ya walio karibu. Orodha ni ile ile.

6. Jitolee kuandika historia ya marehemu

Pakitokea msiba, wanaume watakimbilia kamati ya usafiri na wanawake jikoni. Wewe shika kalamu. Yule anayeandika historia fupi ya marehemu hufuatwa na kila mtu usiku kucha, maana hakuna anayetaka mtoto wake, tawi lake au mama yake asahaulike yasomwapo majina. Watakutajia bila kuulizwa, wakirudia herufi ili usikosee. Uandike kwa uaminifu, usimtupe mtoto wa nje, usimfiche mke wa pili. Ukimwacha mmoja wao, msiba ujao hutapewa kalamu. Na wakija watani, kama Wangoni kwenye msiba wa Wahehe, sogea karibu nao. Mtani ana ruhusa ya kusema hadharani kile ambacho ndugu wamekificha miaka hamsini.

7. Ukigonga ukimya, weka mbinu chini

Kuna mahali mzee atanyamaza na macho yatahama. Hapo usikosee makusudi, usiulize ya kuoa. Huenda kinachofichwa ni utumwa, nao ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika ni 1922, mwaka ule ule aliozaliwa Nyerere. Hii ni juzi. Wako watu walionyang'anywa majina waliyopewa na mama zao wakaitwa Feruzi, Almasi au Mabruki, wengine wakabeba nisba ya bwana, yaani jina la ukoo au asili yake, wengine wakabatizwa majina mapya kwenye vijiji vya misheni kama Freretown, Mombasa. Majina hayo leo ni ya kila mtu na hayathibitishi lolote peke yake. Lakini kama ukoo wako unaishia kwa mtu aliyeshushwa jahazini bila baba wa kutajwa, mwandike huyo wa kwanza kwa herufi kubwa. Ndiye aliyeanzisha ukoo akiwa hana ndugu hata mmoja, na sioni mtemi wa kumzidi.

8. Chagua babu unayemtaka

Sasa turudi kwenye lile tumaini. Umefika vizazi vitano juu yako na hakuna mtemi. Usihuzunike, piga hesabu: wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, kisha wanane, kumi na sita, thelathini na wawili. Jina lako linamfuata mmoja tu kati ya hao 32. Wamebaki 31, na wote ni damu yako sawasawa na yule mwenye jina. Ukimtaka mkubwa, mtafute upande wa bibi.

Upande huo ndio unaosahauliwa. Waungwana wa pwani walijisifia asili ya Shirazi, Uajemi, kwa karne nyingi, wenye elimu wakabisha kwa miaka mingi. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya miji ya Waswahili: kweli, akina baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na akina mama karibu wote walikuwa Waafrika. Majina ya baba yalikaa kwenye nisba na kwenye hadithi. Ya mama mengi hayakuandikwa. Kwa hiyo ukitengeneza karatasi yako ya ukoo, mpe kila mwanamke mstari wake na jina lake la kwao. Hilo ndilo pengo kubwa katika koo zetu, na linazibika kwa kizazi chetu au halizibiki tena.

9. Acha mapema

Jina la mwisho mnalolikubali wote likipatikana, piga mstari chini yake. Usiunganishe na mfalme wa mbali kwa kubahatisha. Toa nakala, moja kwa bibi, moja kwa kila baba mdogo, moja kwenye Biblia au msahafu wa nyumbani, kisha tuma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Watakaoudhika watakurekebisha bure kabla ya jioni.

Na kama shangazi yako mkubwa yu hai, mpigie leo, asubuhi kabla jua halijawa kali. Akifika vizazi vitatu usimshukuru ukakata simu; mwache aendelee, na muulize mama yake aliitwa nani.