Kitufe Kilichonuna
Fomu ya mtandaoni nimeijaza yote, mpaka jina la bibi mzaa mama. Kitufe cha "Tuma" kimenuna, kijivu kama majivu ya jana. Nakibonyeza, kimya. Karani wa dirishani angalau angenifokea. Nusu saa baadaye ndipo nagundua: namba ya simu ilitakiwa ianze na 255, si sifuri.

Na mimi nina macho. Jirani yangu asiyeona hupita kwenye fomu kwa kibodi, kisoma skrini kikimsomea. Kitufe kikishazimwa kwa njia ya kawaida ya HTML, Tab inakiruka. Anatoka kisanduku cha mwisho, anatua kwenye kiungo cha "Haki zote zimehifadhiwa". Kwake kitufe hakijazimwa, hakijazaliwa.

WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, hudai maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na usuli wake walau kwa 4.5 kwa 1. Kitufe kilichozimwa? Kimesamehewa. Kinune kitakavyo.

Nilimuuliza fundi mmoja wa tovuti kwa nini asikiache wazi, mtu akibonyeza kimwambie alipokosea. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa mzee, si watu watakibonyeza?"