Jinsi ya Kuzamia na Kiboko Ukitokea Kibwezi

Ukishuka kwenye matatu Kibwezi na mtungi wa hewa mgongoni, wenyeji watakuuliza unaenda kuzamia wapi, maana bahari iko zaidi ya kilomita 250 kutoka hapo. Wajibu: Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Na kama ulitokea Nairobi, ulikwisha kuonywa njiani. Kabla ya Makindu kuna senta inayoitwa Kiboko.

Maji yenyewe yajue kwanza. Mvua ya Chyulu haina mto wa kuteremkia. Huzama kwenye mawe ya volkano, ikachujika gizani, kisha sehemu yake ikatokeza Umani, kwenye msitu wa Kibwezi, na kwa wingi zaidi Mzima. Mombasa inayanywa kwa bomba tangu 1957. Ni meupe kiasi cha kuhesabu kokoto chini, na weupe huo ndio unaomdanganya mgeni akadhani pako salama.

Sasa mjue mwenyeji wako. Dume huweza kuzidi tani mbili, lakini chini ya maji anapiga hatua nyepesi kama anayetembea hewani. Haogelei, anajisukuma kwa miguu, pua amezifunga, na anaweza kukaa dakika tano bila kupumua. Akipanua kinywa usidhani ana usingizi. Anakuonyesha chonge.

Usijipe moyo kwamba una uzoefu. Watengeneza filamu Alan na Joan Root walimjua kiboko wa Mzima kuliko mtu yeyote. Filamu yao juu ya chemchemi hii iliionyesha dunia maisha ya mle chini. Bado, katika miaka ya 1970, dume liliwavamia wakiwa majini. Jino lilipasua miwani ya kuzamia ya Joan, uso wake ukanusurika kwa kiasi kidogo mno. Kisha likaubana mguu wa Alan na kumtikisa. Alipona, ila kwa hospitali na maumivu mengi. Wala dume halikukosa adabu. Waliingia chumbani mwake.

Kwa hiyo mtungi uache kwenye gari. Fuatana na askari wa wanyamapori hadi kile chumba cha vioo kilichozamishwa ukingoni, shuka ngazi, utulie. Mara nyingi utaona samaki tu. Vumilia. Akipita, tazama samaki wanavyomwandama, wakidonoa ngozi kwenye mikunjo ya miguu, naye ametulia kama mtu kwa kinyozi.

Jioni ondoka mapema. Hiyo ndiyo saa yake ya kutoka kwenda malishoni, na njia iliyokanyagwa kutoka majini hadi kwenye nyasi ni yake. Usisimame kati yake na maji, hata kwa picha moja. Akina mama wanaoteka maji mtoni alfajiri wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu: wanasimama kwanza, wanasikiliza, ndipo wanainama na mtungi.