Talaka Haifuti Wosia

Mwanamume wa Nairobi hubadilisha simu kila toleo jipya likitoka na picha ya wasifu kila wikendi; wosia ndio ameuacha ulale kabatini tangu enzi za mke wa kwanza. Pengine anadhani sheria itamfanyia usafi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ina ucheshi wake: ndoa mpya hubatilisha wosia wa zamani, isipokuwa uwe uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyo na mtu aliyetajwa, lakini talaka haiugusi. Kwa hiyo aliyeachana na mkewe kwa matusi, akabaki mseja na karatasi ileile, bado anamwachia ploti ya Kitengela kwa mapenzi yote ya fungate.

Atasema kushughulikia wosia ni kujichuria. Ajabu, bima ya maisha anayokatwa kila mwezi haijamchuria. Atasema mawakili ni ghali. Sheria haidai wakili, yadai sahihi yake na mashahidi wawili, ambao ni heri wasiwe wenye fungu. Basi atawatamkia wanawe kwa mdomo? Wosia wa mdomo nao wataka mashahidi wawili, na kwa raia wa kawaida hauna nguvu asipofariki ndani ya miezi 3. Anayeutegemea itabidi afe kwa ratiba. Hata hivyo, mwenye shughuli nyingi asihangaike. Marekebisho yatafanywa tu, na mawakili wa pande zote, mbele ya jaji, kwa ada itakayomeguliwa kwenye mirathi.