Usingoje Vuli ya Wazungu: Mwongozo wa Mpiga Picha wa Thika

Kila Oktoba simu za watu wa Thika na Ruiru hujaa picha za misitu ya Vermont, Marekani, yenye majani mekundu na ya dhahabu. Ukitaka picha za kushindana nazo, nauli ya ndege si lazima. Fuata hatua hizi.

1. Acha kungoja majani yageuke. Huko kwao siku zikifupika na baridi ikiingia, klorofili huisha kwenye jani, ndipo umanjano uliojificha huonekana. Sisi tuko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta: mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na miti yetu husikiliza mvua. Tafuta maua.

2. Anza na mijakaranda. Asili yake ni Amerika Kusini, lakini Oktoba barabara ni zake. Piga picha ya chini kwanza: maua ya zambarau yametanda kwenye lami, na mstari wa tairi la bodaboda umepita katikati. Kisha utafute Nandi flame, mti wa maua mekundu uliompa mwandishi Elspeth Huxley jina la kitabu chake cha Thika, mwaka 1959.

3. Amka kabla ya jogoo. Mlima Kenya, mita 5,199, hujionyesha alfajiri kukiwa kweupe. Jua likipanda, mawingu huufunika. Ukilala, umeukosa.

4. Ukiukosa, shika barabara ya Garissa, upite mashamba ya mananasi hadi Kilimambogo, mita 2,145. Mwenyeji wa mlima ni nyati, kwa hiyo usitembee bila askari wa wanyamapori.

5. Ukishuka, pitia maporomoko ya Fourteen Falls kwenye mto Athi. Maji yanayoanguka ni mazuri, na povu na plastiki zilizoteremka na mto zipo pia. Usizikate kwenye picha. Anayeupenda mto huonyesha na kidonda chake.

6. Usisimamishe gari katikati ya barabara kuu ya Thika kwa ajili ya machweo. Panda daraja la waenda kwa miguu. Pale juu utayaona vizuri zaidi.

Vermont ina wapiga picha wake. Thika inakutegemea wewe, na mvua kubwa ikinyesha maua yote yatakuwa mtaroni. Chaji simu usiku huu, utoke kesho.